Verna Lindqvist na Kibao cha Ng'ambo ya Barabara

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni kahawa karibu, tukae kidogo. Alhamisi iliyopita mji wetu wa Tamarack Ford ulimpoteza Verna Lindqvist. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mjumbe wa tume ya mipango ya mji. Ishirini na saba, bila mshahara, kila Jumatatu ya pili ya mwezi, kwenye ule ukumbi ulio juu ya kituo cha zimamoto wenye viti vya chuma vinavyoumiza mgongo.

Wengi wenu mlimjua kwa mabuti yake. Kabla ya kupiga kura juu ya kiwanja chochote, Verna alikwenda kukikanyaga. Alisukuma gurudumu lake la kupimia, iwe mvua, iwe theluji, na futi akaziandika kwenye kiganja. Mwombaji yeyote alikutana na swali lile lile: "Na maji yatakwenda wapi?"

Siku moja jirani wa Delbert Kuusisto, mwenyekiti wa tume, aliomba kujenga gereji. Verna akaenda kupima. Kumbe gereji iliyovuka mpaka ni ya mwenyekiti mwenyewe, tena kwa futi tatu nzima.

"Verna, hebu acha utani," Delbert alimwambia mbele ya watu.

"Gurudumu halina utani, Mwenyekiti. Jaza fomu."

Akajaza. Akashuka mezani, akaiomba ruhusa tume yake mwenyewe, na mpaka leo hatujaacha kumcheka.

Lakini jambo ambalo mji huu unamkumbuka kwalo zaidi halikuwa la kuchekesha.

Miaka kumi na miwili iliyopita, mdogo wake, Orrin Lindqvist, aliomba shamba lake la ekari arobaini kando ya barabara kuu libadilishwe matumizi, litoke kwenye kilimo liwe la biashara. Kampuni ya maduka ilikuwa tayari kulinunua. Orrin alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga mara mbili, na kupanda trekta kulikuwa mateso. Bila mabadiliko hayo, hakuna mauzo. Desturi ya tume ni kwamba mwenye ndugu kwenye ombi hakai mezani, kwa hiyo Verna aliondoka akaketi na wananchi. Wajumbe wanne waliobaki wakapiga kura. Watatu ndiyo, mmoja hapana. Orrin alimkumbatia dada yake mbele ya ukumbi mzima.

Kesho yake asubuhi Verna alipita huko na gari. Akakiona kibao cha tangazo, kile cha njano kinachowaita watu kwenye kikao. Sheria inataka kisimame siku kumi kwenye shamba lenyewe linaloombewa. Hiki kilikuwa kimesimama ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la mtu mwingine kabisa. Mfanyakazi wa mji alikosea upande. Majirani walidhani ni habari ya shamba lile, wakabaki nyumbani. Na Verna, ambaye hakuna kiwanja alichoacha kukikanyaga, safari hii hakwenda, kwa kuwa kura haikuwa yake. Kwa hiyo uamuzi haukuwa halali, na aliyejua hivyo alikuwa yeye peke yake.

Alianzia jikoni kwa Orrin. Binti yake Verna, Janelle, alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Nani mwingine ameona?" Orrin aliuliza.

"Mpaka sasa, mimi tu."

"Basi dada, hujaona kitu. Kunywa kahawa."

"Orrin."

"Na hizi nyonga zangu, umeziona?"

"Nimeziona, mdogo wangu. Kibao nacho nimekiona."

"Haya, nenda kwa karani wako. Ila ukitoka mlango huo, usirudi."

"Mama alimaliza kahawa," Janelle anasema, "akaosha kikombe, akatoka."

Akaenda kwa karani wa mji, akamweleza habari ya kibao, na kikao kikarudiwa. Safari hii ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Watu wa barabara ya chini walileta picha za maji yaliyojaa kwenye vyumba vyao vya chini ya nyumba, wakauliza hali itakuwaje shamba likishafunikwa lami. Fundi wa kampuni alijikanyagakanyaga. Verna alikaa kiti cha nyuma. Delbert akabadili kura yake. Wawili ndiyo, wawili hapana. Kura zikilingana, ombi limeanguka. Kura ya tano ilikuwa imekaa pale nyuma, na desturi haikuiruhusu.

Orrin hakusema naye tena. Miaka kumi na miwili, wasikilizaji. Mji uligawanyika. Wapo waliosema Verna ana moyo wa jiwe. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo mgahawani, tena kwa sauti. Leo naona haya.

"Kila Jumatatu ya kikao," Janelle anasema, "alipunguza mwendo mbele ya geti la mjomba. Hakukata kona kuingia hata mara moja."

Jana Orrin alikuja hapa studio na fimbo yake. Hakutaka kuketi. Alisema hivi:

"Niliwaambia watu kwamba angepiga kura yake, ningeuza. Ukweli ni kwamba hata sijui angepigaje. Sikumuuliza. Nilimwambia asirudi, na Verna ukimpa sharti, analifuata. Kutoka kwangu hadi kwake ni nusu maili. Hakuna aliyenizuia. Ilitakiwa nivae kofia tu, niende."

Kisha akaomba tuzime mashine ya kurekodi.

Kwa Janelle, kwa Orrin na ukoo wote wa Lindqvist, na kwa wajumbe wanne wa tume, poleni sana. Ibada ni Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisa la Kilutheri, na atakayeweza alete chungu cha viazi vya kuoka.

Na ninyi mnaosikiliza, kama kuna mlango mlioufunga kwa mdomo wenu, mwenzenu hawezi kuufungua kwa nje. Mnajua anakoishi. Zimeni redio, mwende sasa hivi. Sisi hatutakasirika.