Jina Ndani ya Kengele

Asubuhi moja ya mwaka 1922, kwenye kivuko cha Gosport, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi alimwuliza mzee aliyeketi kando yangu njia ya kwenda wanakoivunja manowari Mercia.

"Unafuata nini huko, mama? Imebaki mbavu tu. Miaka kumi na sita majini, imepigana alasiri moja, sasa inageuzwa misumari."

"Nafuata kengele yake. Mume wangu alikuwa baharia humo. Waliipindua kengele hiyo, wakaijaza maji, mwanetu akabatizwa, kisha jina lake likachongwa ndani. Homa ilipomchukua mtoto, alizikwa kaburi moja na wengine, bila jiwe. Jina lake halijaandikwa pengine popote."

"Shaba ni shaba, mama. Iliyeyushwa Jumatatu."

"Usinitanie, mzee. Nani mwenye moyo wa kuyeyusha majina ya watoto?"

Mzee akatazama viganja vyake, vimejaa makovu ya moto. "Mimi. Ila niliyasoma yote kwanza, kwa sauti."

Hilo, nadhani, ndilo alilokuwa nalo la kumfariji.

"Basi jina la mwanangu, Winifred, ulilisoma?"

Kivuko kikagonga gati. Mzee, ambaye tulipopanda alihitaji kushikwa mkono, alikuwa wa kwanza kushuka, akaenda zake bila kugeuka.