Dunia kwa Mstari Mmoja

Kila asubuhi nikishapata kiti kwenye treni, huegemeza kichwa dirishani nikasinzia. Leo usingizi haukufika mbali. Mama mshonaji aliyepakata cherehani alikuwa akimcheka mwanafunzi wa kike aliyeketi mbele yake. "Dunia nzima kwa mstari mmoja wa hesabu? Mwanangu, mimi hata gauni silimalizi kwa mstari mmoja!"

"Ni joto linaloingia kutoka juani, mama, na joto linalotoka kurudi angani. Mawili hayo yakilingana, unajua dunia ina joto kiasi gani."

"Na bahari? Na mawingu?"

"Hivyo nimeviacha kwa makusudi. Ila mwanzo nilisahau hewa, ambayo hutufunika kama blanketi. Jibu likatoka nyuzi kumi na nane chini ya sifuri."

"Barafu tupu! Kumbe sisi wote marehemu!" Behewa zima likacheka. Hata mimi nilicheka, kwa siri.

Binti hakucheka. Msimamizi wake chuoni naye alicheka hivyo hivyo, alisema, na leo jopo la watahini linataka kusikia kama ataiacha hesabu yake atumie programu kubwa ya kompyuta ya chuo.

"Basi itumie, umalize masomo," mama akasema, safari hii kwa upole. "Utawaambiaje?"

"Nitaona."

"Hilo si jibu, mwanangu."

Treni ikapunguza mwendo. Binti akasimama, akashika bomba la kujishikilia. "Sibadilishi, mama. Programu yao inanipa jibu, hainionyeshi limetoka wapi. Yangu nilipoiongezea hewa, niliiona dunia ikipata joto."