Jerko Grubelić, Fundi wa Winchi za Škarpina

Leo Jumamosi, tarehe 30 Septemba, Jerko Grubelić anastaafu baada ya kuitumikia bandari yetu ya mashua za kukodi hapa Škarpina kwa miaka thelathini na minne. Mkurugenzi wetu, Bi. Sanja Vukorepa, ameniomba mimi, Vinka, niandike wasifu huu na kuusoma kwenye karamu hii ya kumuaga, kwa sababu karakana yangu ya kushona matanga imetenganishwa na ya Jerko kwa ukuta wa mbao tu, na Bi. Sanja anaamini hakuna jambo la Jerko ambalo sijalisikia. Ni kweli. Hata ambayo nisingependa kuyasikia nimeyasikia.

Jerko aliajiriwa kupaka rangi. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, fundi wa winchi alimfuata mwanamke hadi mji wa Rijeka, na Jerko akapewa tambara na kopo la mafuta ya taa, akaambiwa ashikilie nafasi hiyo mpaka apatikane mtu. Bado tunamtafuta huyo mtu.

Kwa wageni wetu wa leo wasio wa baharini: winchi ni lile pipa dogo la chuma lililoketi ukingoni mwa mashua. Kamba ya tanga huzungushiwa hapo, mtu akakaza kwa mkono wa chuma, na tanga ambalo wanaume watatu wasingeliweza hutii mara moja. Ndani yake mna magia, beringi na vijino vidogo vinavyoizuia isirudi nyuma. Jerko huifungua, huosha chumvi yote, hupaka grisi kwenye magia na mafuta mepesi tu kwenye vijino, kisha huifunga. Ukipaka grisi kwenye vijino, vinaganda; siku upepo ukipamba moto, winchi inarudi nyuma kwa kasi na kuondoka na vidole vya mtu. Tangu Jerko ashike kazi hii, wateja wetu wote wamerudi nyumbani na vidole walivyokuja navyo.

Nyuma ya kila kijino kuna springi ndogo kama ukucha wa paka, nayo ina tabia ya kuruka. Mwaka mmoja, siku ya kubariki mashua, springi ilimponyoka Jerko ikatumbukia katika ndoo ya maji ya baraka. Padri Frane akachovya, akanyunyiza, na springi ikatua juu ya kofia ya mkurugenzi wa wakati ule. Watu wakaitikia amina. Jerko akapenya katikati ya waumini, akaichukua kofiani, akasema, "Samahani, hii ni yangu," akarudi kazini.

Magia yake huyasugua kwa miswaki iliyochoka, ambayo hutuomba sisi wenzake bila aibu. Jumapili moja alichanganya wa kazini na wa nyumbani, na kanisa zima likaona tabasamu linalong'aa kwa grisi. Mkewe Zorka, ambaye sote humwita Shangazi kama tunavyomwita Jerko Mjomba, hakumwambia kitu mpaka misa ikaisha. Alitaka kujua nani mwingine angegundua.

Wala si kwamba hakosei. Winchi za umeme zilipoingia, alituhakikishia kwamba ni wazimu wa majira mawili tu. Leo ziko katika nusu ya mashua zetu, na yeye mwenyewe ndiye anayezihudumia, huku akizisema.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Jerko hawezi bahari. Tumbo lake hugeuka hata gati la kuelea likitikisika kidogo. Miaka yote hii amezitengeneza winchi mashua zikiwa zimefungwa bandarini, halafu akasimama nchi kavu kuziaga. Alikwenda baharini mara moja tu, na hakupanga.

Ilikuwa Septemba, siku ya kubadilisha wateja, wa zamani wakishuka na wapya wakipanda. Bwana Luboš na mkewe Radka, kutoka Brno, walikuwa wamekodi mashua yetu iitwayo Lastavica. Mimi nilipanda nao kwa saa moja tu ili kulijaribu tanga jipya la mbele. Winchi ya kushoto ilikuwa imefungwa, inang'aa kama kikombe cha harusi. Ya kulia ilikuwa imefunikwa kwa boksi. Kila mtu aliiona ile ya kushoto, akaamini kazi imekwisha. Luboš akawasha injini, tukatoka.

Tulikuwa tumeshapita mdomo wa ghuba mlango wa chumba cha chini ulipofunguka, akachomoza Jerko, sinia la magia mkononi. Alikuwa huko chini akitafuta springi iliyotumbukia sakafuni, akidhani injini inajaribiwa tu. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Vinka," akasema taratibu, "gati liko wapi?"

"Liko nyuma, Mjomba."

"Nirudishe."

Luboš aliposikia akacheka, akageuza usukani haraka mno. Kamba moja iliyokuwa ikining'inia majini ikajisokota kwenye rafadha, ile feni ya chini inayosukuma mashua, injini ikakohoa, ikazima. Na hapo ndipo ikashuka bura, ule upepo wetu wa mlimani usiobisha hodi.

Tulipandisha tanga. Likiwa upande wa kushoto tulikwenda vizuri, ila tulikwenda moja kwa moja kuelekea kwenye miamba tunayoiita Nyumbu. Ili kugeuka ilitupasa tanga lihamie kulia, na winchi ya kulia ilikuwa vipande vipande. Kwa mikono mitupu, katika upepo ule, tanga lisingekazika. Nanga haikufaa, kina kilikuwa kirefu mno.

Nilimtazama Jerko. Alikuwa na rangi ya zeituni bichi. Akainama kutafuta chombo cha kutapikia, na cha karibu kilikuwa sinia lile lile lenye magia.

"Ni supu ya Zorka," akaomba radhi.

"Mjomba, hiyo ndiyo winchi yetu," nikasema.

"Naijua. Lete mafuta ya taa."

Akalala kifudifudi, kichwa juu ya shina la winchi, akaanza kuosha, kupanga na kufunga. Luboš alikuwa kwenye usukani, Radka amemkalia Jerko miguuni asije akateleza baharini. Wimbi moja likaja, likabeba kopo la springi, likaenda nalo. Jerko akalitazama likizama. Sijamwona akiwa na huzuni kama ile tena, hata kwenye mazishi.

"Mama," akamwambia Radka bila kugeuka, "nywele zako umezibana na nini?"

Radka akanitazama mimi. "Anataka nini huyu?"

"Vibanio," Jerko akasema. "Sikutongozi. Naumwa."

Akapewa vibanio vinne. Akavikunja kwa koleo, kila kimoja kikawa springi, huku akitapika kwa adabu upande wa pili.

"Mjomba, Nyumbu wanakaribia," nikasema. Nilikuwa naona hata kome waliong'ang'ania mawe.

"Nawasikia. Usinisimulie, nahesabu vijino."

Kisha akalifunika pipa, akakaza skrubu, akalizungusha kwa kiganja. Vijino vikalia tik-tik-tik. Nimesikia kinanda cha kanisa kuu na nimesikia watoto wangu wakizaliwa, na siku ile sikutaka kusikia sauti nyingine.

"Geuka," akamwambia Luboš.

Mashua ikageuka. Tanga likavuka kwa kishindo, nikazungusha kamba, Radka akashika mkono wa winchi, akakaza kwa nguvu zake zote. Winchi ikashika. Nyumbu wakabaki pembeni yetu, karibu kiasi cha kuwatemea mate, na Jerko, kusema kweli, aliwatemea zaidi ya mate.

Tuliingia bandarini kwa tanga. Shangazi Zorka alikuwa gatini, ameshahadithiwa na watu watano kwa namna tano. Alimtazama mumewe akitambaa kutoka kwenye mashua.

"Umekwenda baharini bila koti," akamwambia.

"Sikujua naenda."

"Na supu yangu?"

"Imesaidia," Jerko akajibu, akajilaza juu ya mawe ya gati mpaka dunia ikatulia. Zorka akakaa chini kando yake, akamfunika kwa sweta lake mwenyewe, na sote tukajifanya tuna shughuli kwingine.

Luboš na Radka hurudi kila Septemba. Leo pia wapo, meza ya mbele, na wameleta slivovica, pombe kali ya plamu, ambayo daktari wa Jerko hajaambiwa.

Naongeza jambo moja la kwangu. Cherehani yangu imekuwa ikipiga kelele kwa miaka mingi, kelele ya kukera meno. Wiki iliyopita nilipofika asubuhi nilimkuta Jerko ameifungua yote mezani, anaipaka mafuta. Sikumwomba. Aliifunga, akaniambia nijaribu, ikashona kimya kabisa.

"Mjomba," nikamuuliza, "kumbe ulijua kuitengeneza? Mbona miaka yote hii umeniacha nayo?"

Alikuwa akijifuta mikono kwa tambara.

"Ukuta huu hauna dirisha," akasema. "Ningejuaje kama umefika salama?"

Mjomba Jerko, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Škarpina, ahsante. Tunakuombea wewe na Shangazi Zorka afya, usingizi mzuri na majirani wema. Mimi Jumatatu nitafika saa moja na nusu, kama kawaida. Hutaisikia cherehani, basi nakuambia kabisa leo: nimefika salama.