Mzee Komeo, Mlinzi wa Rafu Tupu

Wafanyakazi wenzangu wapendwa, nawasalimu nyote. Hamjambo? Watoto hawajambo? Na magoti ya wenzetu wa ghorofa ya nne, tangu lifti iharibike, yanaendeleaje? Sisi wa huku chini, chumba cha akiba ya taifa, tu wazima, namshukuru Mungu.

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mlinzi mkuu wa chumba hiki anastaafu. Tunamwita Mzee Komeo, kwa sababu akishafunga mlango hurudi kuutikisa, akaenda, akarudi tena.

Alianza na dhahabu. Dhahabu ina heshima yake: unaiona, unaifuta vumbi, ikikuangukia kidoleni unalia. Kisha serikali ikanunua sarafu za mtandaoni, ikatangaza kuwa nazo ni akiba ya taifa. Kanuni yetu inasema kila akiba iwe na rafu, kibao na mlinzi. Basi zikapewa rafu ya tatu. Tupu. Mzee Komeo akawa anaifuta kila asubuhi kama zile nyingine, tena kwa kitambaa kipya. Bei ikishuka, anaitazama kwa huruma. Ikipanda, anaomba rafu pana zaidi.

Wakubwa walipokuja kukagua, mmoja alimnong'oneza, "Sasa mbona sizioni?"

"Ziko salama, mheshimiwa," akajibu. "Ukiziona tu, ujue pana hitilafu."

Ufunguo wa sarafu hizo ulikuwa maneno ishirini na manne ya siri; asiyekuwa nayo yote hawezi kuzigusa. Kwa desturi ya chumba chetu, siri haiandikwi, wala mtu mmoja haibebi yote. Yeye akapewa nusu ya kwanza, mimi nusu ya pili, tukayaweka kichwani. Kuanzia siku hiyo tukakatazwa kukaa pamoja, maneno yasije yakakutana. Mtu niliyekuwa nikinywa naye chai kila saa nne! Miaka sita tumepungiana mikono tu, yeye mwanzo wa korido, mimi mwisho.

Jino lilipomuuma, kamati iliagiza asipewe dawa ya usingizi, asije akaropoka. Liling'olewa akiwa macho kabisa, huku askari wawili wakiimba kwa nguvu ili vilio vyake visisikike. Mkewe naye alipelekewa pamba za kuziba masikio wakati wa kulala. Akazirudisha na ujumbe: "Mwambieni mkubwa wenu, huyu niliacha kumsikiliza zamani, bila pamba."

Alipoomba kustaafu, tabu ikaanza upya. Kamati ilisema yeye yuko huru kwenda, ila kichwa chake ni mali ya serikali na hakiwezi kutoka getini. Nilifunga na kuomba siku hizo, jamani. Nusu ya wajumbe walitaka sarafu zibaki, eti kesho zitapanda. Nusu walitaka ziuzwe, eti kesho zitashuka. Katikati ya mabishano, Mzee Komeo akapiga chafya. Wajumbe wanne wakamrukia kumziba mdomo. Mwenyekiti, akiwa bado amemshika pua, akauliza kwa upole, "Ndugu zangu, hii ndiyo akiba?"

Wiki iliyopita ziliuzwa. Mzee aliingia kwa mlango wa mbele, akatoa maneno yake, akatoka. Mimi nikaingia kwa mlango wa nyuma. Hata siku hiyo hatukuonana.

Mzee Komeo, kaka yangu, ahsante kwa milango yote uliyoitikisa kwa ajili yetu. Mungu akujalie afya, uzee mtamu na usingizi wa kuropoka upendavyo. Maneno yako sasa hayafungui kitu, na yangu vilevile. Basi Jumamosi njoo nyumbani na shemeji, tunywe chai. Utaniambia yako, nami nikuambie yangu, tuone kama yalistahili kututenga.

Tafadhali nijibu mapema. Mke wangu anauliza aweke vikombe vingapi.