Mlinzi wa Adventina Nimpaye, 1952–2025

Ndugu wafiwa, majirani, wanajumuiya. Tangu Jumamosi watu wanauliza: nani kamroga mama Adventina? Wengine wameshataja jina. Adventina aliwajibu mwenyewe kabla hajaondoka, na jibu lake limo humu. Msikilize mpaka mwisho. Ni habari ya furaha!

Adventina Nimpaye alizaliwa tarehe 3 Desemba 1952 huko Kirushya, wilaya ya Ngara. Ilikuwa Majilio, ndiyo maana akaitwa hivyo. Baba yake alilima migomba na maharage. Alibatizwa kabla ya Krismasi ya mwaka ule ule.

Shule alianza mwaka 1962, akasoma mpaka darasa la nne. Siku moja katekista aliwauliza watoto Mungu ameumba nini. Mmoja akasema mbingu. Mwingine akasema ng'ombe. Adventina akasimama: "Na chawa wa Suzan!" Suzan ndiye aliyekaa naye dawati moja. Akachapwa fimbo moja. Akasimama tena, machozi yanamtoka: "Sasa mwalimu, kama si Mungu, nani kawaumba?" Tangu utoto wake alijua hivyo: kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja. Ni Mungu, Imana kama Wahangaza wa Ngara wanavyomwita.

Mume wake, Audax, alimwona kwenye gulio la Mugoma akiuza maharage. Alinunua kisahani kimoja. Gulio lililofuata akanunua tena. Mara ya tatu mama yake Audax akauliza: "Wewe, maharage yetu ghalani yana nini?" Walifunga ndoa takatifu tarehe 24 Julai 1971. Walizaa watoto wanne. Wawili wa kwanza walifariki wachanga, wakazikwa Mugoma. Adventina aliwalilia sana. Lakini hakuuliza nani. Alisema, "Aliyewaumba anawajua kwa majina."

Agosti 1983 walihamia hapa Nyarubungo, Biharamulo, kutafuta ardhi. Walikuja na binti yao Consolatha, akiwa na miaka sita. Nyumba ilipoisha, Adventina alirudi Kirushya kuchukua machipukizi ya migomba. Huku nyuma Audax akaingiwa na woga. Ugeni, na wale watoto wawili hawajamtoka moyoni. Akaenda kwa mganga kutafuta zindiko, kama ilivyo kawaida ya nyumba mpya. Akapewa pembe ya swala imeshindiliwa dawa. Akaifukia mlangoni, akasawazisha udongo vizuri, akanyamaza.

Mvua ya kwanza maji yakaingia ndani. Adventina alikuwa amesharudi. Akachukua jembe achimbe mfereji pale pale mlangoni. Jembe likagonga kitu.

"Baba Consolatha! Hiki ni nini?"

"Ni ulinzi."

"Wa nani?"

"Wa nyumba. Wako. Wa mtoto."

Akaipindua ile pembe, akaikung'uta udongo. "Kinatulinda sisi, na jembe langu hakikuliona likija?"

Akamsogezea Audax ile pembe usoni.

"Mungu kaumba swala, kampa na pembe. Wewe umemruka Mungu, umekwenda kushikamana na pembe!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Hakumtukana mume wake. Aliitia ile pembe jikoni, chini ya chungu cha maharage. Ilinuka! Harufu ikafika kwa jirani, mwanamke mjane asiye na mtoto, jina lake Kanyange. Akaja ameziba pua.

"Shikamoo dada," Adventina akamwamkia.

"Marahaba. Mnachoma nini humo?"

"Tunachoma mlinzi!"

Wakacheka wote wawili. Maharage yaliiva, wakala watu wanne, hakuna aliyeumwa tumbo. Ndivyo udugu wa Adventina na Kanyange ulivyoanza.

Thobias alizaliwa mwaka 1984. Alipofika miaka miwili alishikwa na degedege. Watu wakasema, si mlichoma kinga? Wakamnyooshea kidole Kanyange, kwa kuwa anaishi peke yake. Adventina alimfunga mtoto mgongoni, akamwita Kanyange ambebee kikapu, wakatembea mwendo wa saa nne mpaka zahanati. Njia nzima anasali kwa sauti: "Ni wako huyu, wewe ndiye uliyemfinyanga, mshike!" Thobias akapona. Ni yule pale, amesimama, ana mvi! Audax hakwenda tena kwa mganga yeyote.

Kazi ya Adventina ilikuwa jembe, na watoto wa mafundisho. Alifundisha Komunyo ya Kwanza miaka ishirini na sita. Mume wake hakusoma, basi kila jioni kabla ya chakula alimsomea Injili. Akikosea mstari, Audax anamwambia, "Jana hukusema hivyo."

Machi 2024 alianza kuumwa tumbo. Madaktari wa Mwanza walikuta uvimbe kwenye ini, wakasema amechelewa. Akarudi nyumbani. Mwezi uliopita Yohanes, mdogo wake Audax, alikuja kutoka Ngara, akakaa karibu na kitanda.

"Shemeji, ruhusu tukapige ramli. Tujue nani."

"Nina miaka sabini na miwili, Yohanes. Ulitaka nikae mpaka lini?"

"Watu wanamsema yule mama wa hapo jirani."

Adventina akainuka kwa kiwiko. Hakuwa na nguvu, lakini aliinuka. "Aliyeniumba ananiita. Wewe unataka kwanza apitie kwa Kanyange kuomba ruhusa?"

Yohanes akacheka bila kutaka. Adventina akamshika mkono, akamwambia asikie vizuri: "Miaka yote hii amenilinda Mungu. Leo akinichukua, msiseme amelala. Na Kanyange asiguswe."

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 aliomba dirisha lifunguliwe aione migomba. Uso wake uling'aa kama wa binti anayesubiri arusi. Akasema, "Audax, nakwenda kumwona!" Akasema tena, "Kumwona mwenyewe!" Ilikuwa saa tano asubuhi. Hapakuwa na woga katika chumba kile. Audax alikuwepo, ndiye shahidi.

Basi hakuna ramli. Hakuna nani. Yohanes amekubali mbele ya ukoo. Tangu Jumamosi Kanyange alijifungia ndani, anaogopa. Leo asubuhi Audax alikwenda kubisha mlangoni kwake, wakaja pamoja kwa miguu, wamepita katikati yenu wote mkiwaona.

Marehemu ameacha mume, Audax Benedicto, watoto wawili, Consolatha na Thobias, wajukuu saba, kitukuu mmoja, shemeji yake Yohanes, na dada mmoja, Kanyange. Huyo dada amekaa kiti cha mbele, mkono wa kulia wa mume wa marehemu. Ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Aleluya! Mungu aliyemuumba Adventina amepokea kilicho chake. Akae kwake kwa amani.