Santuri ya Marehemu Gaspar Felisiani

Maneno haya yameandikwa na mjane wake, Getrude. Anayewasomea ni mdogo wa marehemu, Eustace.

Marehemu Gaspar Felisiani alizaliwa Usevya tarehe 6 Januari 1947, sikukuu ya Mamajusi, ndiyo maana akabatizwa jina la mmoja wao. Alisoma shule ya misheni hapohapo, na tangu darasa la tatu alipigia kwaya ngoma.

Mwaka 1969 mapadre walimpeleka Kassel, Ujerumani, kusomea umakanika. Huko akajiunga na vijana watano wenye nywele ndefu, bendi yao ikiitwa Steinmorgen. Februari 1972 walirekodi santuri yao pekee. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima, na ngoma zote zilipigwa na marehemu. Santuri haikupata wanunuzi, bendi ikavunjika, naye akarudi na nakala moja sandukuni.

Kuanzia 1973 alitengeneza malori katika karakana ya misheni hapa Mpanda, yakiwemo yaliyopeleka mahindi kwa wakimbizi Katumba. Kazi yake ilisifiwa.

Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Getrude, wakakaa Makanyagio. Kila Jumapili baada ya misa aliweka santuri ile kwenye gramafoni ya betri na kufumba macho, vidole vikicheza juu ya goti. Hata mtoto akilia hakusikia. Mkewe aliona wivu, tena wivu mkali. Siku moja alimwuliza yule mwenye nywele mpaka kiunoni kwenye jalada ni mwanamke gani. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyo Dieter, Mama Christina. Igeuze uone ndevu."

Ndevu aliziona, wivu haukupungua. Angekuwa mwanamke, mkewe angejua pa kuanzia. Eustace alitaka sehemu hii ifutwe. Aisome tu.

Machi mwaka huu, 1979, marehemu alianza kuugua ini. Alipozidiwa alimwambia mkewe, "Mkinizika, ile santuri mniwekee kifuani." Hakutaja kitu kingine chochote cha nyumbani.

Mkewe alijibu, "Nimekusikia, Baba Christina."

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Agosti.

Ameacha mama yake, Bibi Marsela, mdogo wake, Eustace, mjane, na watoto wawili, Christina na Maximilian. Wanaonong'ona wakiuliza santuri iko wapi, iko kabatini Makanyagio, na itabaki huko. Wale vijana walishapewa Jumapili za kutosha. Kifuani mwa marehemu mkewe ameweka khanga yake ya harusi.

Apumzike nayo kwa amani.