Bi. Marlys Engebretson, Aliyeagia Dirishani

Bi. Marlys Engebretson anastaafu Ijumaa, tarehe 6 Juni, baada ya kuwa mshauri wa wanafunzi kwa miaka thelathini na moja katika Shule ya Sekondari ya Lake Torvald, hapa Minnesota. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtazama mtoto wa watu usoni na kupima kama chuo kikuu cha umma cha jimbo jingine kitampokea. Mara nyingi jibu ni hapana, na Bi. Marlys hajawahi kusema hapana akiwa ameketi. Mimi, Curtis Wollan wa kemia, chumba changu kinapakana na chake na ukuta wenyewe ni mwembamba. Ninaandika niliyoyasikia.

Alizaliwa hapa, akasoma hapa, akaenda chuo kikuu cha jimbo letu na kurudi na shahada, pamoja na mume aitwaye Verdell. Vyote viwili bado vinafanya kazi.

Wasiojua hudhani kazi hii ni rahisi. Mzazi anaingia na hesabu zake mkononi: chuo fulani cha California kinapokea nusu ya waombaji, kijana wangu ana alama nzuri, basi nusu ya safari tumeshaimaliza. Hapo Bi. Marlys husifia koti la mzazi. Moyoni anajua kwamba hiyo nusu ni wenyeji na wageni wamechanganywa pamoja. Chuo cha umma kinakula kodi ya watu wa jimbo lake, kwa hiyo watoto wao wanapakuliwa kwanza, na sisi wa kutoka nje tunagombania ukoko.

Lakini ukweli wa namna hiyo hausemwi mezani. Kwanza anapiga mapaja kwa viganja na kusema, "Haya, basi." Hiyo ndiyo kwaheri ya kwanza, na mzazi wa Lake Torvald anajua kwamba mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Mlangoni mwa ofisi wanagusia alama za hesabu. Kwenye ukumbi wanafika California. Kwenye mlango mkubwa, mtu akivaa glavu, linajitokeza neno "ila". Mzazi akishaingia garini na injini inanguruma, Bi. Marlys anagonga kioo, kioo kinateremshwa, naye anasema, "Sasa nisikilize, ndugu yangu. Hapati." Kisha anampa vipande vya keki ya limau ale njiani.

Halvor Sundquist hatasahau dirisha lake. Alitaka mwanawe ahesabiwe kuwa mtoto wa Arizona kwa sababu babu na bibi hukaa huko kila majira ya baridi, ndani ya nyumba ya magurudumu. Bi. Marlys alimsikiliza kwa adabu mpaka garini, akamwambia, "Halvor, huyo mtoto alivyo mweupe, wakimtazama mara moja tu watajua hajawahi kuliona jua."

Njia hiyo haikumwangusha mpaka alipokuja Bwana Pruitt. Alikuwa amehamia kutoka New Jersey, na binti yake Tamsin, hodari wa biolojia, alichagua vyuo vitano vya umma, vyote vya nje, vyote vya kwenye joto, bila hata kimoja cha hapa nyumbani. Vyote vikikataa, Septemba ingemkuta binti hana pa kwenda. Na mwisho wa kuomba chuo cha jimbo letu ulikuwa Ijumaa ya wiki ile ile.

Bi. Marlys alisifia viatu vya Bwana Pruitt. Akapiga mapaja, "Haya, basi." Bwana Pruitt akasimama, akampa mkono, akaondoka. Jamani, aliondoka kweli! Watu wa New Jersey wakiaga wanakwenda zao, nasi tulikuwa hatujawahi kuona jambo kama hilo. Bi. Marlys alipomaliza kuvaa buti, gari lilikuwa limeshakata kona. Nyumbani, Bwana Pruitt alimwambia binti yake kwamba mshauri hana neno.

Kesho yake mama wa watu alimfuata kwake na sahani ya keki. Akanywa kahawa, akasifia mapazia, akapiga mapaja. Bwana Pruitt akamfungulia mlango, akamshukuru, akaufunga. Mama akabaki kwenye ngazi, glavu moja bado iko mkononi. Nilimshauri ampigie simu amwambie moja kwa moja. Alinitazama kama vile nimemtukania wazazi. "Kwa simu, Curtis? Na hata hatujaagana!"

Ijumaa theluji ilimwagika. Bwana Pruitt alikuja kumchukua binti, na gari lake likakwama kwenye maegesho yetu. Gari likikwama hapa, kila mtu anatoka kusukuma, nasi tukatoka. Bi. Marlys aliweka mikono ubavuni mwa gari, akainua macho, akaliona dirisha. Akaliendea na kuligonga. Safari hii mtu hakuwa na pa kukimbilia.

Alimweleza yote: binti ni mzuri, lakini kwa vile vitano yeye ni mgeni, na hatapata hata kimoja. Aombe cha nyumbani leo kabla ya saa kumi, jua ataliota likizo. Bwana Pruitt aliuliza kwa nini hakuambiwa siku ya kwanza, akajibiwa kwamba siku ya kwanza alikuwa na haraka. Walizungumza kwa utulivu kabisa huku mimi nikisukuma nyuma na gurudumu likinirushia tope la theluji mpaka kwenye meno.

Tamsin alikimbilia maabara yangu akaombea huko. Vyuo vitano vyote vilimkataa, cha nyumbani kikampokea, na leo ni daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wa nusu ya wilaya hii. Bwana Pruitt alipomleta mtoto wa pili, alikaa garini na kioo chini, katikati ya Januari, hataki kwenda popote, mpaka Bi. Marlys alipomwapia kwamba huyu atapata.

Sasa Bi. Marlys na Verdell wanahamia Arizona. Juzi aliniuliza ninaonaje, kama wataweza kuishi huko. Nilisifia sanduku lake la safari.

Marlys, walimu na wanafunzi wote tunakushukuru. Tunawaombea wewe na Verdell afya njema, jua la kiasi, na majirani wasiokimbilia kufunga mlango. Sherehe ni saa nane mchana kwenye ukumbi wa chakula, na kuaga kutaendelea mpaka kwenye maegesho. Hapa nimekusifu tu, kama desturi yako inavyotaka. Neno lenyewe bado sijalisema. Ukishaketi garini na Verdell ameshawasha injini, teremsha kioo.